Bibi Arusi wa Udongo Mwenye Karai Kichwani

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba kwenu ni Sumbawanga, kwanza anarudi nyuma hatua mbili, halafu anacheka ili usione kwamba amerudi. Akishatulia anauliza kama ni kweli watu wa kwenu wanasafiri kwa ungo. Zamani nilikuwa najibu kwamba ungo tumeuacha tangu lami ifike, siku hizi tunabanana kwenye basi kama binadamu wengine. Sasa nimechoka. Anayeniuliza hivyo namsimulia habari za mama mkubwa wangu, Coleta, na wengi nikifika mwisho huwa wanataka kujua basi la Sumbawanga linaondoka saa ngapi.

Maana Rukwa tuna vitu, jamani. Tuna maporomoko ya Kalambo: mto mzima unafika ukingoni, hauulizi, unajirusha zaidi ya mita mia mbili kwa pigo moja, Tanzania upande huu, Zambia upande ule, na makorongo wamejenga viota kwenye ukuta wa mwamba kama wapangaji wasio na mwenye nyumba. Tuna Kasanga, na boma bovu la Wajerumani linalolitazama Ziwa Tanganyika utadhani bado linasubiri meli yao. Tuna ukingo wa bonde: umesimama juu kwenye baridi ya Ufipa, umevaa sweta, na chini kabisa unakiona kijiji cha Muze kinaungua kwa jua, na Ziwa Rukwa limelala nyuma yake kama shuka iliyoanikwa. Ukishuka na gari, sweta unalivua kona ya tatu. Haya yote nilifundishwa chuoni, kwenye ile nusu ya stashahada ya utalii niliyoisoma. Nusu ya pili sijui ilikuwa na nini. Labda ndiyo ilikuwa na tanuru la mama mkubwa.

Tanuru lenyewe liko kwenye kitongoji chetu, nje kidogo ya Msanzi, katikati ya shamba lake. Kwa Kifipa tunaliita ilungu. Ni mnara wa udongo wa kichuguu, mpana chini, mwembamba juu, urefu wa watu wawili mmoja akimbeba mwenzake. Humo ndimo wazee waliyeyusha mawe yakatoka chuma, na chuma kikatoka jembe, kabla jembe halijaanza kuja kwa meli. Mengi yameanguka. Mengine watu waliyavunja wakafyatulia matofali. La mama mkubwa lilijengwa na babu yake, mzee aliyebatizwa ukubwani akaitwa Alois, na ambaye kwa maelezo ya ukoo alikuwa mkali kwa watu na mpole kwa moto.

Coleta alimkuta babu huyo akiwa mzee sana. Alikuwa na miaka saba, kazi yake ilikuwa kumsogezea kigoda kufuata jua. Mzee akishaota jua la kutosha alikuwa anaelekeza mkongojo kwenye tanuru na kumwambia, "Yule pale ni bibi arusi. Tulimpamba, tukamwimbia nyimbo za harusi, ndipo akazaa. Ukimwendea kwa matusi anakuzalia makaa." Kisha anaongeza, kwa sauti ya mtu anayekumbuka sheria, kwamba mwanamke hakuruhusiwa kusogelea moto ukishawashwa. Mtoto akauliza, sasa bibi arusi mwenyewe si mwanamke? Mzee akasema sogeza kigoda.

Coleta aliolewa mjini, Malangali, na fundi mwashi aliyeitwa Kasmir. Wakaishi vizuri, wakalea, wakajenga nyumba za watu nusu ya mtaa. Kasmir alipofariki, mama mkubwa aliwaachia watoto nyumba ya mjini, yeye akarudi Msanzi kulima. Alirudi na jembe, rozari, kitenge cha WAWATA cha wanawake Wakatoliki, na karai la zege la marehemu, zito, lenye saruji iliyogandia pembeni ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuibandua.

Alichokikuta kilimliza. Mvua zilikuwa zimelila tanuru kichwa. Ukuta ulikuwa na ufa. Halafu kulikuwa na ng'ombe. Jirani mpya alikuwa amehamia kutoka Usukumani, Obed, na ng'ombe wake walikuwa wamegundua kwamba kitu kile kina umbo linalofaa kabisa kwa kujikunia ubavu.

"Obed! Toa wanyama wako kwa bibi arusi wangu!"

"Da Coleta, wanajikuna tu. Udongo huo haupungui."

"Waende wakajikune kwenye nyumba yako, maana na yenyewe ni ya udongo!"

"Nyumba yangu itaanguka, dada."

"Eeeh. Umejibu mwenyewe."

Obed ni mtu wa kucheka. Alicheka siku hiyo, na kesho yake alileta miba akazungushia. Wamekuwa majirani wa kutukanana vizuri tangu wakati huo.

Miba ilizuia ng'ombe. Mvua je? Hapo ndipo mama mkubwa alipofanya kitu ambacho hakuna mtu mwingine duniani angefanya ila Mfipa. Lazima nieleze. Sisi hatulimi matuta marefu kama watu wengine. Majani yakishakuwa marefu mwishoni mwa masika, tunayakusanya, tunayafunika kwa udongo, tunapata vilima vya duara shamba zima, vinaitwa intumba. Juu yake unapanda maharage. Ndani majani yanaoza, yanakuwa mbolea, mwakani unavisambaza unapanda ulezi au mahindi. Ukiyaona mashamba yetu kutoka mbali mwezi wa tatu utadhani nchi imetoka vipele vya baridi. Mababu walifanya hivyo bila mfuko mmoja wa mbolea ya dukani, na ardhi bado inazaa. Kwa kifupi, Mfipa akipenda kitu anakifukia.

Basi mama mkubwa akalifukia tanuru. Alianza na chini, panapolika zaidi: majani, udongo, majani, udongo, mpaka kifuani. Akapanda maboga ubavuni ili mizizi ishike. Juu, kwenye mdomo wa tanuru, akafunika na karai la Kasmir na kuweka jiwe. Kila mwaka aliongeza. Baada ya miaka kumi na mitano hukuona tanuru tena. Uliona kilima cha majani ya maboga na karai juu yake.

Nilimwambia, "Mama mkubwa, hiki ni kivutio. Wageni wakija tutawaonyesha maboga?"

"Waone maboga. Tanuru halijaomba kuonwa. Limeomba lisinyeshewe."

Nikaomba boga.

Mwaka huu ikaja habari ya barabara. Njia yetu ya vumbi ingepanuliwa iwe ya changarawe, iungane na ile kubwa ya Matai, ili magari ya wageni wa Kalambo nayo yapite kwetu. Kitongoji kizima kilipiga vigelegele, mama mkubwa mbele. Wapima walikuja mwezi wa pili, wakati maboga yamechanganya. Kijana mmoja mwenye kishikwambi akasimama mbele ya kilima, akakitazama juu mpaka chini. Mama mkubwa akamsalimia, akamchumia boga kubwa kutoka ubavuni mwa tanuru, akamtakia safari njema. Kijana akashukuru sana. Akaandika kwenye fomu: *Kichuguu. Kiondolewe.*

Hatukujua mpaka mwezi wa tano, greda lilipofika.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Josefina, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alikuja mbio na karatasi mkononi, kofia imegeukia nyuma, akiwa na pumzi ya nusu.

"Dada Coleta, wameandika kichuguu!"

"Kichuguu gani?"

"Tanuru! Vigingi viwili vimepita katikati yake. Wanalisawazisha leo."

Mama mkubwa alikuwa anapepeta ulezi. Aliweka ungo chini taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Akajifunga kitenge, akaanza kutembea. Sisi tukamfuata.

Tulipofika tulikuta jambo la ajabu: greda limezimwa. Dereva, baba mzima wa kutoka pwani, amekaa kwenye kiti chake juu na mikono ameikunja. Chini yake amesimama msimamizi wa kazi, anaitwa Abel, kijana wa kama miaka thelathini, kofia ngumu nyeupe, viatu vilivyokuwa vipya juzi.

"Washa," Abel alikuwa anasema.

"Bosi, hicho kichuguu kimevaa kofia."

"Ni karai."

"Ndiyo nasema. Nani anakivisha kichuguu karai? Katikati ya shamba? Sumbawanga? Bosi, mimi nina watoto wanne."

Vibarua wengine waliokuja naye walikuwa wameshasogea mpaka kwenye mti wa mbali kabisa, wakijifanya wanahesabu sururu.

Josefina alinibana mkono. Akamvuta mama mkubwa pembeni, macho yanawaka. "Umeona? Hatuna haja ya kusema kitu. Dada, wewe nenda ukae pale chini ya karai. Jifunge khanga nyeusi kichwani, kaa kimya. Kaa tu! Kukaa si uongo. Watapitisha barabara mpaka Zambia."

Lazima niseme ukweli, nililipenda wazo hilo. Hata niliongeza kwamba Obed ana kuku mweusi.

Mama mkubwa alitutazama mmoja baada ya mwingine. Hajawahi kuwa mtu wa sauti kubwa.

"Leo greda litazima," alisema. "Kesho wataambiana mpaka Mbeya kwamba pale Msanzi kuna mama mchawi. Mwakani nikifa, watakuja na mashoka walibomoe, tena wakiimba. Na ninyi mtawapa maji ya kunywa."

"Lakini dada..."

"Na babu je? Babu alichimba mawe mlimani, akachoma mkaa, akakanda udongo huu kwa miguu, akatoa jembe. Jembe, Josefina! Bibi yako alilima kwa jembe la hapa. Sasa unataka aliyetengeneza jembe aitwe mchawi ili tanuru lipone? Basi libomolewe. Afadhali lifie jina lake."

Josefina akaangalia chini. Mimi nikagundua kwamba kofia yake imegeuka, nikamgeuzia, ili niwe na kitu cha kufanya.

Mama mkubwa akaenda moja kwa moja kwa Abel.

"Shikamoo mama," alisema Abel.

"Marahaba mwanangu. Hiki si kichuguu. Ni tanuru la kuyeyushia chuma, la babu yangu. Na karai ni la marehemu mume wangu, nimelifunikia mvua. Mwambie dereva wako awe na amani, hakuna uchawi hapa, kuna maboga."

Abel alifungua faili lake. "Mama, fomu inasema kichuguu."

"Fomu ilikula boga langu."

Dereva alicheka kule juu, halafu akakumbuka yuko wapi akaacha.

"Mama, nakuheshimu," Abel akasema. "Lakini nikihamisha barabara lazima niandike sababu. Siwezi kuandika nimeambiwa. Ondoa huo udongo nione tanuru, basi."

Hapo ndipo tulipoona shida ilivyo. Obed, ambaye alikuwa amefika na fimbo yake, alishachukua jembe. Mama mkubwa akamshika.

"Usiguse! Mvua zimeacha juzi tu. Ukuta wa chini umelowa, ni huu udongo unaomshikilia. Ukimvua nguo zote mara moja anaanguka hapo hapo."

Yaani kile alichomlindia kwa miaka kumi na mitano ndicho kilichomficha, na kumwonyesha ndiko kungemuua. Abel akatazama saa. Si mtu mbaya. Alisema, "Mpaka saa sita. Baada ya hapo nina kilomita mbili za kumaliza leo."

Mama mkubwa alikaa chini. Alivua viatu. Akainuka, akageuza uso kule unakotokea upepo wa kiangazi, ule wa kusini unaotupasua midomo kila mwaka. Akatembea kuzunguka kilima huku shavu likiwa kwenye upepo, na alipofika mahali fulani akasimama.

"Babu alisema mlango mkubwa unautazama upepo," alisema. "Nitafungua hapa tu. Upana wa kifua changu, basi."

Alichimba mwenyewe. Kwanza jembe, halafu jembe akaliweka, akatumia mikono. Maharage yalikuwa yanatutazama kutoka kwenye intumba za upande wa juu, yamebeba maganda mabichi, mazuri kweli mwaka huu. Baada ya muda akatoa kitu cheusi, kizito, kina matundu kama mkate uliounguzwa, akampa Abel.

"Mavi ya chuma, masalia ya mawe yaliyoyeyuka."

Abel alipima uzito mkononi. Kisha ukaja mrija wa udongo wa kuingizia hewa, umevunjika nusu, mwisho wake umegeuka kijani na kung'aa kama kioo. Huo Abel aliutazama zaidi. Lakini akatikisa kichwa.

"Mama, naona. Ila watasema ni vigae, vimeokotwa vikafukiwa. Nipe kitu ambacho kichuguu hakiwezi kufanya."

Mama mkubwa alikuwa ameshafika mlangoni. Lilionekana tundu jeusi, la duara juu, la kutosha kichwa cha mtu kupita. Akaingiza mkono mpaka begani.

"Pako wazi ndani," alisema. Akakaa na mkono wake mle ndani. Halafu akanigeukia. "Adolfu, niletee magunzi na majani makavu. Na kiberiti."

Obed akasema, "Da Coleta, si ulisema mwanamke hasogelei moto wa hapo?"

"Nilisema. Sasa wanaume wenyewe wako wapi? Babu atanisamehe, au tutakutana huko tugombane."

Magunzi yakaingia, majani yakaingia. Akapiga ishara ya msalaba, akawasha.

Moto ulishika. Tukatazama juu. Hakuna kitu. Tukatazama tena. Kisha moshi ukatoka, wote, kwa mlango uleule wa chini, ukatupiga usoni sisi sote kwa usawa bila kujali cheo. Abel alikohoa mpaka kofia ikadondoka. Vibarua kule mtini wakaangua kicheko.

"Kichuguu kinavuta sigara!" dereva akapaza sauti.

Mama mkubwa alikuwa amepiga magoti kwenye moshi, machozi yanamtoka, sijui ya moshi au ya nini. Nilitaka nimwinue. Kisha nikamwona anafungua mdomo, anaufunga, anajipiga paji la uso.

"Karai!" alipiga kelele. "Nimemfunika pua!"

Obed alitaka kupanda. Akazuiwa tena: mguu wa mtu mzima kwenye ule ukuta ungemaliza kazi ya greda. Ngazi haikuwa na pa kuegemea. Mti mrefu tulikuwa nao, lakini kutoka chini haukuweza kuingia chini ya karai, unalisukuma tu jiwe. Alihitajika mtu aliyesimama juu, sawa na mdomo wa tanuru, bila kuligusa tanuru.

Sote tukageuka tukalitazama greda.

Dereva akasema, "Ah-ah. Mimi hapana."

"Washa," akasema mama mkubwa. "Taratibu. Baba wa watoto wanne, nakuomba."

Nadhani ni lile neno. Dereva aliwasha. Greda likasogea kama linatembea kanisani wakati wa kipaimara, na kila lilipotetemeka, donge la udongo lilikuwa linaporomoka kutoka ubavuni mwa kilima. Ufa mmoja ulijitokeza kati ya majani ya maboga, ukashuka kama kidole. Mama mkubwa aliweka viganja vyake viwili juu ya ufa, kama kwamba angeweza kuuzuia. "Hapo! Zima!" Likazima. Kimya. Ufa ulibaki ulipo.

Obed alipanda juu ya paa la greda, Msukuma mrefu, miguu wazi, na fimbo yake ya kuchungia akiwa ameifunga kwenye ncha ya ule mti. Alilenga mara mbili, akakosa. Mara ya tatu fimbo iliingia chini ya ukingo wa karai. Akainua. Jiwe likaanguka upande mmoja, karai upande mwingine, likabingirika shambani likipiga kelele mpaka likasimama miguuni pa Abel.

Kwanza palitoka vumbi. Halafu mjusi, akiwa amekasirika. Halafu moshi mwembamba, wa buluu, ukanyooka. Na chini, pale mlangoni, moshi ukakata. Ukaacha kabisa kutoka kwetu. Moto ukainama ndani, majani yaliyokuwa yamemwagika nje yakaanza kuvutwa yenyewe kuelekea tunduni, na ukaanza mngurumo, wa chini, kama mtu mnene anayeimba na mdomo amefumba. Sijawahi kusikia sauti ile. Hakuna aliye hai kitongojini kwetu aliyewahi kuisikia.

Abel alipiga magoti, suruali ya kazi na yote. Akaweka kiganja mbele ya tundu. Akakiacha hapo.

"Inavuta," alisema. Kisha akamtazama mama mkubwa. "Mvukuto uko wapi?"

"Hakuna mvukuto."

"Hawakuwa na mtu wa kupuliza? Chuma kinayeyuka bila kupuliza?"

"Upepo wa Ufipa unatosha, mwanangu. Waliuelekezea tu mlango."

Nilimsoma Abel usoni wakati ule: alikuwa anapiga hesabu za urefu na upana na joto, na kila hesabu ilikuwa inampa jibu lilelile, kwamba wazee wasio na kalamu walishalipata kabla yake. Alimwita dereva ashuke aone. Dereva alishuka, akasogea, akavua kofia. Vibarua wakaacha mti wao mmoja mmoja.

"Naandika tanuru," akasema Abel.

Tungekuwa kwenye sinema, ingeishia hapo. Lakini barabara lazima ipite mahali. Abel alisimama, akapangusa magoti, na nikamwona sura imebadilika. Upande wa chini wa tanuru ni tope la kijito, gari halipiti. Umebaki upande wa juu. Upande wa juu ni zile intumba zote za maharage.

"Mama, nikiacha hili, naingia kwenye maharage yako. Leo. Siwezi kusubiri yakomae."

"Yamebakiza wiki tatu," alisema Obed kwa niaba yake.

Kila mtu pale alijua maharage yale ni nini. Ni mboga ya mwaka mzima. Ni mbegu ya msimu ujao. Na kwenye ardhi ya intumba zile ndiko angepanda ulezi mwezi wa kumi na moja. Josefina akaanza kusema kwamba kitongoji kitakaa kikao. Mama mkubwa akamgusa bega anyamaze. Aliyatazama maharage. Alilitazama tanuru, ambalo lilikuwa bado linanguruma kidogo kwa magunzi ya mwisho.

"Maharage huzaa kila mwaka," alisema. "Huyu alizaa akamaliza, na hakuna anayejua tena kumtengeneza mwenzake. Pita juu. Ila nipe muda niyang'oe, siwezi kuona yanasagwa."

Hakuyang'oa peke yake. Sijui nani alianza. Nadhani dereva. Alishika shina la kwanza, akauliza, "Hivi, mama?" na baada ya hapo walikuwa vibarua wote, Josefina na kofia yake, Obed, mimi, na Abel ambaye kila baada ya intumba mbili alikuwa anatazama saa halafu anaendelea kung'oa. Siku hiyo kitongoji kizima, na wafanyakazi wa barabara, walikula maharage mabichi na ugali wa ulezi, na dereva aliomba nyongeza mara mbili kutoka mikononi mwa yule aliyekuwa anamwogopa asubuhi.

Hasara ilibaki hasara, sitaki kuipamba. Mwaka huu mama mkubwa analima kwenye zizi la zamani la Obed, ambalo alimpa bila maneno mengi. "Da Coleta, ng'ombe walikukosea, wacha mavi yao yalipe," alisema. Anasema udongo wake ni mzuri, ila hauna adabu, magugu yanaota unatazama.

Abel alirudi mwezi wa saba, Jumapili, kwa pikipiki yake mwenyewe, amemleta mkewe kuona. Na wageni wameanza kuja, wachache, wakitoka Kalambo, wengine mimi ndiye nawaleta. Kuna kibao cha mbao Josefina alichoandika kwa mkono. Nimeyaona maporomoko mara nyingi, na bado yananinyamazisha, mimi ambaye kunyamaza si kipaji changu. Lakini Kalambo ni mto umekosa njia ukaanguka. Lile tanuru ni watu walioutafuta upepo wakaupa mlango.

Kiangazi kizima mama mkubwa aliacha upande wa mlango wazi ukauke. Ufa aliuziba kwa udongo wa kichuguu na samadi ya ng'ombe wale wale waliokuwa wanajikuna. Mvua zilipokaribia alifukia tena, lakini safari hii nusu tu, upande unaonyeshewa, akaacha uso nje. Maboga amepanda. Karai la Kasmir limerudi kichwani, na kwenye kishikio chake amefunga kamba ndefu ya kumfunulia pua, inayoning'inia mpaka chini.

Wageni wakifika huwa wanataka kuivuta wenyewe. Hawaruhusiwi. Anawasalimia, anawauliza wametoka wapi, anaweka magunzi mawili matatu mlangoni, anageuza shavu kwenye upepo. Hapo tunasubiri. Mwingine ana haraka, anaanza kutazama simu. Mama mkubwa haharakishwi. Anasubiri mpaka upepo uje wenyewe, ndipo anawasha moto, anavuta kamba.